Mkasi wa Picha na Amana za Watu



Siku hizi hapana harusi hapa Shinyanga isiyopigwa picha za video. Hapana maulidi, hapana khitma ya madrasa, hapana mzee anayeagwa kwenda Hijja, ila utaona vijana watatu wanne wameinua simu zao juu ya vichwa vya watu. Zamani kazi hii ilikuwa ya mtu mmoja mwenye kamera kubwa begani, aliyeitwa na kulipwa. Leo kila nyumba ina mpiga picha wake. Hilo si jambo baya. Lakini kupiga picha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzikata, kuziunga, kuzipanga na kuzitia sauti iliyo safi, na hapo ndipo vijana wanaponijia na suali lao: "Ustadhi, nitumie programu gani?"

Wao hudhani kuwa suali hilo ni la ufundi mtupu. Mimi naliona kuwa ni suali la amana kwanza, la ufundi baadaye, na katika makala haya nataka kukueleza kwa nini, khasa wewe unayeanza, ambaye hufanyi kazi hii kwa biashara bali kwa mapenzi yako tu.

Kwa asiyejua, programu ya kuhariri video ni mkasi na gundi. Zamani filamu za sinema zilikatwa kwa mkasi kweli kweli, kipande kikaungwa na kipande. Leo kazi hiyo hufanyika katika kioo cha kompyuta au cha simu, ambako vipande hupangwa juu ya mstari wa muda, kushoto mwanzo na kulia mwisho. Watu wa Kahama na Geita watanifahamu upesi nikisema hivi: picha ulizopiga ni mawe yaliyotoka duarani. Programu ndiyo karasha yako na mwalo wako. Katika saa tatu za harusi huenda dhahabu ni dakika ishirini. Na kama vile mchimbaji mwenye akili hatupi marudio, kwa kuwa huenda yamebaki na kitu ndani, nawe usifute picha zako za asili baada ya kukata. Programu nzuri yenyewe haizigusi picha za asili. Huandika pembeni tu kwamba kata hapa, unga pale. Faida yake utaiona siku sheikh atakapolalamika kwamba mawaidha yake ya dakika 40 yamekatwa kwa namna iliyogeuza maana, ukahitaji kurudi kwenye asili kumwonyesha au kusahihisha.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Aghalabu kijana anayeanza huchagua kwa mambo mawili: jina kubwa na wingi wa mapambo. Ameambiwa kwamba mabingwa wa Ulaya na Marekani wanatumia programu fulani, naye aitaka hiyo hiyo. Au ameona programu yenye maua yanayodondoka, mioyo inayopepea na ndimi za moto, naye akadhani kuwa huo ndio uhariri. Nimepata kuona maulidi yaliyowashiwa moto kila watu wanaposimama kwa kiyamu! Mapambo hayo utayachoka mwenyewe baada ya mwezi mmoja, kwa hiyo siyasemi sana. Hilo la jina kubwa ndilo lenye madhara.

Chukua mfano wa Adobe Premiere, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991 na inayojulikana dunia nzima. Tangu mwaka 2013 kampuni yake iliacha kuuza matoleo mapya kwa mtindo wa ununue mara moja kisha iwe yako; sasa hukodishwa kwa mwezi, na kodi yake kwa mtu binafsi hupita dola 20 kila mwezi. Mwenye studio mjini Dar es Salaam ataimudu. Kijana wa Shinyanga anayehariri harusi mbili kwa mwaka hawezi, wala haina maana alipe. Basi hufanya nini? Huenda kwenye duka la kutilia nyimbo na filamu, akatoa shilingi elfu tano, akawekewa programu hiyo hiyo iliyovunjwa kufuli.

Nikupe habari ya kijana mmoja wa Kahama, ambaye jina lake nalihifadhi. Siku za kazi yuko kwenye karasha, akisaga mawe ya watu. Siku za mapumziko hupiga picha za jamaa zake. Alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaenda duka la namna hiyo akawekewa programu ya wizi. Ili ikubali, fundi alimzimia ile programu inayolinda kompyuta isiingie virusi, kwani ulinzi ule ulikuwa ukipiga kelele kwamba kilichomo si salama. Kijana alifurahi, akafanya kazi wiki kadhaa. Asubuhi moja alifungua kompyuta akakuta kila faili limegeuzwa mkia wa jina lake na halifunguki, na pamewekwa barua ya Kiingereza inayomtaka alipe dola ili afunguliwe. Wahalifu wa aina hii dunia nzima wamezifanya programu zilizovunjwa kufuli kuwa mlango wao mkubwa wa kupitia.

Humo ndani mlikuwa na nikaha ya dada yake. Baba yao ndiye aliyeozesha kwa mkono wake, kisha akamwusia bintiye maneno machache mbele ya mashahidi. Mzee yule alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Na ile simu iliyopigia picha ilikuwa imefutwa ili kupata nafasi. Dada mtu hakumlaumu. Alimwuliza tu kama hata sauti haikubaki.

Nakusimulia haya, ndugu yangu, kwa sababu ninapowakataza vijana wasitumie programu ya wizi, wao hunijibu kwa hoja tatu, na zote tatu nazijua kwa moyo sasa. Wa kwanza husema: wenye kampuni ni matajiri wa Marekani, hawaumii. Wa pili: hao si Waislamu. Wa tatu: mimi sifanyi biashara.

Wa kwanza na wa pili nawakumbusha usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wameazimia kumwua Mtume (s.a.w.), na juu ya hayo amana zao zilikuwa zimewekwa kwake. Alipotoka Makka alimwacha nyuma Sayyidna Ali (r.a.) azirudishe kwa wenyewe, moja moja. Watu waliotaka roho yake! Basi utajiri wa mtu au dini yake wapi umepata kuhalalisha mali yake? Wa tatu namwambia atazame kile kibonye cha "Nakubali" alichokibofya wakati wa kuiweka programu. Ule ni mkataba, na Sura Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Haikutofautisha baina ya mkataba wa biashara na mkataba wa starehe.

Mimi si mufti, na najua kwamba wamekuwapo wanazuoni waliokuwa na rai nyingine juu ya haki ya kunakili kazi za watu. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 liliamua kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Na kwa upande wa serikali yetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kwa hiyo dini na dola vimesema neno moja.

Je, maskini asihariri? La hasha. Hapa ndipo penye habari njema, na ndipo ninapotaka usome kwa makini.

Ziko programu ambazo wenyewe waliozitengeneza wamezitoa bure, na zaidi ya hapo wameandika katika leseni yake kwamba una ruhusa ya kuzinakili na kumpa mwenzio. Kdenlive ilianza mwaka 2002, na leo inatunzwa na jumuia ya wataalamu wa nchi mbalimbali wanaojitolea. OpenShot ilianza mwaka 2008. Ya tatu ni Shotcut. Hizi tatu hazitii nembo yao juu ya picha zako, hazikuhesabii siku, hazikuombi kadi ya benki.

Fikiri maana yake kwa mahali kama petu. Sisi vitu hivi hatuvipati kwa kuvivuta kila mtu peke yake kwenye intaneti, maana bando ni ghali na huisha njiani. Tunatiliana kwa flashi: mmoja anacho, wa pili ananakili, wa tatu anachukua kwa wa pili. Tabia hiyo kwa programu ya kampuni ni wizi unaoenea kama moto wa nyika. Kwa Kdenlive au Shotcut, tabia hiyo hiyo ni halali tupu, na ndivyo wenyewe walivyokusudia. Kijana mmoja akilipia bando mara moja, madrasa nzima imepata. Faili la kuwekea la mojawapo ya hizi halifiki hata nusu ya GB. Sharti langu ni moja tu: nakala ya kwanza itoke kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye tovuti yoyote iliyojipachika jina. Nasema hivyo kwa sababu Windows Movie Maker, ambayo wengi walijifunzia, iliachwa na Microsoft Januari 2017, na mwaka huo huo walaghai walifungua tovuti kwa jina lake wakawatoza watu fedha. Mpaka leo nawaona vijana wakiitafuta. Iacheni, imekwisha.

Yuko pia DaVinci Resolve, ambaye namweka mlango wake peke yake. Asili yake ni chombo cha mabingwa cha kusawazisha rangi za filamu. Mwaka 2009 kilinunuliwa na kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, nayo ikakitoa kwa toleo la bure na toleo la kulipia. La kulipia ni dola 295, unanunua mara moja. La bure ni kubwa mno kwa mahitaji yetu, wala halitii nembo. Lakini angalia tofauti: hili ni bure kwa bei tu, si la kugawa, kila mtu ajiandikishe na alichukue mwenyewe, na mzigo wake hupita GB 2. Tena linataka kompyuta yenye nguvu, RAM ya GB 16 na kadi nzuri ya picha. Ukiliweka kwenye kompyuta ya GB 4 iliyokwisha tumika miaka minane, utakaa ukitazama kioo kilichoganda mpaka uichukie kazi yenyewe.

Ukiniuliza mimi, nitakuambia hivi. Mwenye kompyuta dhaifu aanze na Shotcut. Watengenezaji wake wanasema RAM ya GB 8 yatosha kwa picha za HD, na kwa picha ndogo zaidi hata GB 4. Mwenye kompyuta ya wastani atumie Kdenlive, ambayo ndiyo ninayoitumia, kwa kuwa mpangilio wake ni mwepesi kufahamika na yaweza kukutengenezea nakala nyepesi za picha zako: unakata kwenye nakala nyepesi, kisha mwishoni programu inarudi yenyewe kwenye picha za asili na kutoa kazi safi. Na umeme ukikatika ghafla, jambo ambalo silazimiki kulieleza kwa mtu wa Shinyanga, ukifungua tena inakuuliza kama urudishiwe kazi iliyokuwa haijahifadhiwa. OpenShot ni nyepesi kujifunza kuliko zote, ila mimi imenizimikia mara nyingi katika kazi ndefu. Wengine huisifu.

Jambo moja litakusumbua mwanzoni, nami nalitaja ili usidhani programu ni mbovu. Simu zetu hazipigi picha kwa kasi moja. Hupunguza na kuongeza idadi ya picha kwa sekunde kwa kadiri ya mwanga. Matokeo yake ni kwamba baada ya dakika ishirini sauti ya khatibu hutangulia midomo yake. Shotcut na Kdenlive zote mbili hulitambua jambo hili na hukupendekezea kuigeuza picha kwanza iwe ya kasi moja. Kubali. Itachukua muda na nafasi, lakini bila ya hivyo utahangaika bure. Na jamaa wanaokutumia vipande vyao kwa WhatsApp waambie wavitume kama dokumenti, si kama video, kwani vikitumwa kama video hubanwa vikapoteza ubora wake.

Sasa nakusikia ukisema: mimi sina kompyuta, nina simu tu. Wengi ni hivyo, na siwezi kukutaka ununue usichokimudu. Programu za simu zipo, na maarufu kabisa ni CapCut ya kampuni ya ByteDance ya China, iliyoanzisha TikTok. Ni nyepesi, na kijana huifahamu kwa siku moja. Ila ujue mambo mawili. La kwanza, chombo hicho hakiko mkononi mwako. Tarehe 18 Januari 2025 watu wa Marekani waliifungua wakaambiwa haipatikani, kwa sababu ya ugomvi wa serikali yao na kampuni hiyo. Ilirudi baadaye, lakini si kwa amri yao watumiaji. Na mapambo kadhaa yaliyokuwa bure yamehamishiwa upande wa kulipia. La pili ndilo zito zaidi. Masharti yake yaliyobadilishwa Juni 2025 yanaipa kampuni ruhusa pana, isiyo na mwisho, ya kutumia, kunakili na kubadili kazi ambazo mtumiaji anazipandisha kwenye mitambo yao.

Kwa picha ya ng'ombe wako au ya mvua ikinyesha juu ya mawe ya Shinyanga, si kitu. Lakini fikiri usiku wa hina. Wanawake wamekaa wenyewe kwa wenyewe, vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza, wakiamini kwamba mlango umefungwa. Aliyepiga picha ni binti wa nyumba ile ile, na nia yake ni njema. Kisha zile picha zinapandishwa zihifadhiwe "hewani" ili simu ipate nafasi, na yule binti kwa kidole kimoja amekubali masharti kwa niaba ya wanawake hamsini ambao hawakuulizwa. Je, picha hizo alikuwa nazo kama mali yake au kama amana? Sura An-Nisaa, aya ya 58, inataka amana ziende kwa wenyewe. Hata sheria ya nchi sasa imeingia katika jambo hili, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Simharamishii mtu simu yake. Nasema: picha za namna hiyo zikatwe katika chombo kisichozitoa nje ya mikono yako, na zikiwa lazima zikatwe kwa simu, uhakikishe kwamba uhifadhi wa hewani umezimwa, wala usiingie kwa jina na nywila pale unapoweza kukataa. Na kwa sababu hiyo hiyo nawaomba wazazi: wafundisheni mabinti kazi hii. Katika nyumba nyingi binti hupiga picha za upande wa wanawake kwa uaminifu mkubwa, halafu kadi yote humpelekea kaka wa jirani ayakate, kwa kuwa "yeye ndiye mwenye kompyuta". Basi pazia lilikuwa la nini? Shotcut haiulizi kama aliyekaa mbele yake ni mwanamume au mwanamke, na katika niliowafundisha, mabinti ndio wenye subira ya kusikiliza sauti mpaka mwisho.

Ukiisha chagua, usianze na harusi ya mtu. Anza na kitu chako mwenyewe. Mpige picha nyanya yako akieleza namna alivyokuwa akisafiri zamani kutoka Tinde mpaka mjini, dakika kumi, kisha zifanye ziwe dakika tatu bila kumtia maneno ambayo hakuyasema. Fanya hivyo mara nne au tano, na watu mbalimbali. Picha za asili ziweke mahali pawili, kompyuta na diski ya nje, na ile diski ichomoe ukimaliza, isibaki imechomekwa. Yule kijana wa Kahama lau alikuwa na diski moja droweni angekuwa na sauti ya baba yake leo.

Kazi ikiisha, itoe kwa mtindo wa MP4, maana ndio unaosomwa na simu na televisheni nyingi. Kisha ijaribu kwenye televisheni ya wenyewe kabla hujaondoka. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, ambao haukubali faili moja kupita GB 4, na harusi ya saa tatu hupita hapo kwa urahisi. Utaambiwa faili ni kubwa mno na hali flashi ni tupu. Igawe vipande viwili, nikaha peke yake na walima peke yake. Wazee wengi, utaona, watakuomba kile cha nikaha tu.